Bluberi Hazitaki Udongo wa Kichuguu

Vijana wangu, nyinyi mnaokuja hapa nyumbani kuniuliza habari za bluberi, karibu wote mnaanza na mbolea. Niliweka mbolea gani, kiasi gani, mara ngapi. Nami huwajibu nyote jibu moja: rudi kwenu, uniletee birika mnalochemshia chai. Wengine husema moyoni kwamba mama amezeeka, hucheka kidogo kwa adabu, wala hawarudi tena. Mwaka jana binti mmoja alirudi nalo kweli, amelifunga ndani ya kitenge. Nikafunua kifuniko, nikamwonyesha ukoko mweupe uliogandana chini na pembeni. Nikamwambia kwamba ukoko ule ni chokaa, maji ya kisima chao yamejaa chokaa, na kwamba kabla hajanunua mche hata mmoja atafute kwanza tanki la kuvunia maji ya mvua. Aliondoka amenuna kidogo, maana alikuja kutafuta miche akarudi na birika lake.

Somo la birika si langu. Nilifundishwa na Ba Chanda, na habari ya Ba Chanda ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo, ingawa nitapita huku na huku kabla sijafika.

Mimi ni Mama Odette. Nimefanya kazi ya bustani tangu usichana wangu, na miaka ya mwisho niliifanya katika shamba dogo la Papa Paluku, nje ya Lubumbashi, njia ya kwenda Lukafu. Papa Paluku ni mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini, anauza vyakula kwa jumla na ana malori. Siku moja alialikwa chakula katika hoteli moja kule Karavia, akaletewa kisahani cha matunda madogo ya rangi ya wino. Akauliza yametoka wapi, akaambiwa yamekuja kwa ndege. Jambo hilo lilimkera. Mtu mwenye malori hapendi kusikia kwamba tunda limepita juu ya kichwa chake. Wiki ileile akamtafuta mtu anayeijua kazi ya bluberi, akampata Mokambo, mpakani.

Huyo ndiye Ba Chanda. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya upande wa pili, Zambia, kisha akarudi kuishi Mokambo. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashina machache ya bluberi, aliyoyaita mama zake, na kutoka kwa hayo alikata vipandikizi na kukuza miche ya kuuza. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na tabia moja iliyonichekesha: kila udongo aliokutana nao aliuonja. Alichukua punje kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini, akafikiri kidogo, kisha akatema.

Alituambia mapema kwamba bluberi inataka udongo mchachu. Udongo wetu una uchachu wake, lakini ni mzito, na mizizi ya bluberi ni laini kama nywele, haichimbi, inatambaa juujuu tu. Kwa hiyo tulijenga matuta marefu yaliyoinuka hadi magotini, sita kwa jumla, tukayajaza maganda ya misonobari na unga wa mbao uliooza, vyote vikiletwa na lori kutoka mpakani. Kila mzigo ukifika, Ba Chanda alitia tone la siki juu yake. Ukitoa povu, kuna chokaa ndani, urudishwe ulikotoka. Msiisahau siki, vijana. Ipo jikoni kwa kila mtu na haidanganyi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na ugomvi na Ba Chanda juu ya maua. Miche ilipotoa maua yake ya kwanza, meupe, yameinama kama vikengele, nilifurahi sana. Yeye akaja asubuhi, akaniambia niyatoe yote.

“Yote?” nikamwuliza.

“Yote, Mama. Ikizala sasa, itakuwa kamutoto kenye kanabeba mutoto. Iache ikomee kwanza.”

Nikayatoa huku nikinung’unika. Papa Paluku alipopita na kuona maua yametapakaa chini, alisimama.

“Ni mbuzi gani ilipita huku?”

“Ni miye, patron,” nikajibu.

Ba Chanda alicheka hadi akakaa chini. Nawaambia hivi ili mjue kwamba tulikuwa watu wa kutaniana. Sikuwa na chuki naye hata siku moja, na kosa langu halikutoka kwenye chuki.

Kosa lilitoka kwa baba yangu, Mungu amrehemu, ambaye hakuwa na kosa lolote. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga, na nyuma ya nyumba yetu ya kambi alikuwa na bustani iliyosifiwa mtaa mzima. Siri yake mnaijua, kwa sababu hata kwenu wanafanya hivyo: udongo wa kichuguu. Kila mvua zilipokaribia, Jumapili baada ya misa, alitutuma na ndoo kwenye kile kichuguu kikubwa cha nyuma ya kambi. Alichanganya udongo ule na majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, akaunyunyiza kila mahali. Lengalenga, mchicha wetu, ilitufika kiunoni. Mama zetu walipokuwa wajawazito waliula udongo huohuo, tena kwa hamu. Kwetu sisi hakukuwa na kitu chema zaidi ya kichuguu. Nililijua hilo kabla sijaijua Baba Yetu.

Sasa hebu nioneni mimi, binti wa mtu yule, nimesimama mbele ya matuta sita ya takataka za seremala. Miche ilikuwa na miezi mitatu ardhini. Haikufa, lakini haikuonekana kukua. Ba Chanda alisema inajenga mizizi. Nilimwitikia kwa mdomo tu. Kisha dada yake akafariki upande wa pili wa mpaka, naye akaenda kwenye kilio, akakaa wiki tatu.

Siku ya pili baada ya kuondoka kwake nilichukua ndoo. Kichuguu kilikuwa palepale, mwisho wa shamba. Nikachimba, nikasaga vizuri, nikauweka udongo kwenye mashina, kopo moja kwa kila mche, nikauchanganya na kuufunika kwa maganda kama palivyokuwa mwanzo. Nilipofika tuta la sita udongo uliosagwa ulikuwa umekwisha na mgongo wangu pia, nikaliacha. Nilikuwa na furaha. Nilijiambia kwamba Ba Chanda atarudi akute miche imenenepa, atauliza nimefanya nini, nami nitamwacha aulize siku mbili tatu kabla sijamwambia.

Alirudi. Miche ilikuwa haijabadilika, nami nikanyamaza nikisubiri inenepe. Baada ya majuma machache majani machanga yakaanza kugeuka manjano, lakini mishipa ikabaki kijani. Mkiona jani la namna hiyo, jani la manjano lenye ramani ya kijani, msiongeze mbolea. Chakula kipo, mmea umefungwa mdomo. Chokaa ndiyo inayoufunga. Kisha kingo za majani zikawa kahawia, zikakauka.

Ba Chanda alihangaika kwa kweli. Alizunguka matuta asubuhi na jioni, akaacha kutania. Mwishowe akapata jibu, na jibu lake lilikuwa na maana: juma la kwanza la kupanda, kabla tanki la mvua halijajaa, yeye mwenyewe aliruhusu tumwagilie maji ya kisima. Matuta matano yalikunywa maji yale. La sita lilipandwa mwisho, baada ya mvua kubwa, likanywa maji ya tanki tu. Na tuta la sita lilikuwa kijani kabisa.

Mimi nilikuwa najua sababu nyingine ya tuta la sita. Siku ile aliponionyesha, akinyoosha kidole kutoka la tano hadi la sita, nilielewa yote kwa mara moja, na nikaona aibu hadi nikasikia joto masikioni. Nilijiambia nitasema kesho.

Jumapili ile, karibu na Pasaka, Papa Paluku alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, viatu vinang’aa, Biblia kwapani. Akatembea katikati ya matuta. Kisha akasimama mbele yetu wawili.

“Ba Chanda, hii miti iko na nini?”

“Patron, ni maji. Ile semaine ya kwanza tuliweka maji ya puits. Ni miye nilisema tuweke.”

“Donc ni weye.”

“Ni miye, patron.”

Papa Paluku akanigeukia. “Mama Odette, weye unaona namna gani?”

“Miye siyui, patron,” nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu yote ya siku ile. Papa Paluku si mtu wa kelele. Alimwambia Ba Chanda kwamba hawezi kumweka mtu anayekosea maji, akamshukuru, akamwagiza dereva ampeleke Mokambo kesho yake. Mimi akaniachia shamba, akasema mvua nyingine zikiisha na miche bado iko hivi, ataing’oa yote apande mahindi.

Asubuhi Ba Chanda alifunga mzigo wake, ambao haukuwa mkubwa. Kabla ya kupanda lori alinipeleka kwenye tanki, akanionyesha bomba.

“Mama, kila asubui uangalie robinet, inavuya kidogo. Maji ya mvua haiko ya kuchezea.”

Kisha akanipa mkasi wake wa kupogolea, ule wenye mpini mwekundu. Akasema yeye hatauhitaji tena. Niliupokea kwa mikono miwili. Niliungama kwa padri kabla ya Pasaka, na padri alinisikia vizuri, lakini Ba Chanda hakunisikia.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nilichukua udongo wa shina moja, nikautia siki, ukachemka povu: kichuguu kilikuwa kimejaa chokaa. Basi nikaanza kung’oa mche mmoja mmoja kwenye yale matuta matano. Unalowesha tuta, unaingiza mikono yote miwili chini, unainua shina na donge lake bila kuvuta. Unaliweka kwenye beseni la maji ya mvua, unalitikisa polepole mpaka udongo wote ushuke, unamwaga, unarudia. Mizizi usiisugue kamwe. Kisha unakata theluthi ya matawi, ili mizizi iliyobaki isielemewe, unapanda kwenye maganda mapya na kuweka kivuli cha majani. Iliyo dhaifu ilikufa. Zaidi ya nusu ilipona. Mvua nyingine zilipokwisha, Papa Paluku alikuta matuta ya kijani, akasahau mahindi.

Mavuno ya kwanza yalikuja mwaka uleule, baada ya baridi. Nami nikafanya upuuzi mwingine, huu wa kuchekesha. Bluberi ikiiva hujipaka unga wa kijivu juu ya ngozi. Mimi nikadhani ni vumbi la barabara. Nikakaa na leso safi, nikafuta tunda moja moja mpaka yakang’aa kama viatu vya Papa Paluku, nikayapeleka Karavia kwa majivuno. Mpishi wa hoteli aliyatazama, akauliza ni nani aliyeyafua. Ule unga ndio unaolinda tunda lisinyauke. Basi msifute, msioshe, mshike kwa ncha za vidole tu. Na msidanganywe na rangi ya mbele: geuza tunda, tazama pale linaposhika kikonyo. Pakiwa na wekundu, liache, kwa sababu likichumwa haliongezi sukari. Lililoiva unaliviringisha kwa kidole gumba na lenyewe linaanguka kiganjani.

Mavuno ya pili yalikuwa mazuri sana. Papa Paluku alialika wafanyabiashara wenzake shambani, wakala, wakasifu. Akanishika bega mbele yao.

“Ni huyu mama,” akawaambia. “Kulikuwa muzee moja wa Mokambo aliniulia miti. Huyu mama ndiye aliifufula.”

Wakanipigia makofi. Nilitazama chini. Siku ile nilichukia sauti ya makofi, na nilijichukia mwenyewe. Kunyamaza mara ya kwanza kulikuwa woga. Kunyamaza tena mbele ya wale watu kulikuwa wizi, maana sasa jina la mtu lilikuwa linachafuliwa ili langu ling’ae.

Ijumaa iliyofuata niliomba nafasi kwenye lori la kwenda Mokambo. Nilimkuta Ba Chanda uani, anamenya mihogo. Alifurahi kuniona, akaniletea kiti. Sikukaa.

“Ba Chanda, haikukuwa maji.”

“Ilikuwa nini?”

“Ilikuwa miye. Ile wakati ulienda kwenye kilio ya dada yako, niliweka udongo ya kichuguu. Kopo moja kila muti.”

Akaweka kisu chini. “Kopo ya namna gani?”

“Ya maziwa. Ile mukubwa.”

“Na tuta ya mwisho?”

“Udongo iliisha.”

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, akipanga mambo yake ndani. Kisha akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba. Nilitazama. Pale palipokuwa na mama zake wa bluberi palikuwa na matembele, yametandaa mpaka ukutani.

“Niliing’oa yote,” akasema. “Nilisema, muntu mwenye hayui maji, asiuzishe bantu miti.”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, au kwa msamaha. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Nikakaa kwenye kile kiti, nikalia. Yeye akaendelea kumenya mihogo mpaka nilipomaliza.

“Miye nimesikia, Mama,” akasema. “Sasa enda uambie ule mwenye alinifukuza. Miye siko tena naye. Weye ndiyo uko naye.”

Nilimwambia Papa Paluku ndani ya ghala lake, katikati ya magunia ya chumvi, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia, “Miaka mbili unavaa koti ya muntu, Mama.” Hakunifukuza, ila aliniondoa kwenye usimamizi, na msimu mzima nilibeba maji kama kibarua wa kawaida. Sikulalamika. Wale wafanyabiashara wenzake aliwaita tena, akawaambia mwenyewe nani alikosea na nani alifukuzwa bure. Kisha akaenda Mokambo kumwomba Ba Chanda arudi. Ba Chanda alikataa, akasema miguu imechoka. Aliomba kitu kimoja tu: vipandikizi. Miche ya shamba letu ilikuwa watoto wa mama zake, na hapakuwa na mingine iliyobaki popote ya ukoo ule.

Kazi hiyo niliiomba mimi. Kipandikizi kinakatwa baada ya mavuno, tawi la mwaka huo ambalo halijakuwa gumu, urefu wa kiganja. Ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu. Kiweke kwenye maganda laini yaliyochanganywa na mchanga wa mto, mahali penye kivuli, ukinyunyizie maji ya mvua kutwa mara kadhaa, na usikivute kuangalia kama kimeota. Nawajua, mtakivuta. Mimi pia nilikivuta. Nilikata kwa ule mkasi wenye mpini mwekundu, na baada ya miezi mitatu nilikuwa na miche ishirini hai, nikaipeleka Mokambo pamoja na mkasi.

Ba Chanda alitoka uani. Hakunisalimia. Alichukua mfuko wa kwanza, akatia kidole kwenye udongo, akachukua punje, akaiweka ulimini. Nilisimama nimeshika kreti. Akafikiri muda mrefu, akatema.

“Hakuna kichuguu,” akasema. Ndipo akanipa mkono.

Sasa mimi ni mstaafu, na nyuma ya nyumba ya Ba Chanda matembele yameisha, mama zake wapya wananipita urefu. Mashina mengine yakifa wakati wa jua kali, humpelekea miche mingine kutoka kwenye kitalu changu kidogo. Tunakula pamoja, tunataniana kama zamani, na ile hadithi ya mbuzi bado inamkalisha chini. Lakini kila nikifika na mche, yeye huanza kwa kuonja udongo. Sijawahi kumwambia aache. Nasimama pale uani, mfuko mkononi, nasubiri ateme, ndipo anisalimie.